Kwa Yeyote Atakayemshika Mkono

Wodi ya macho, kitanda cha saba
Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wangu,

Nimefika. Nalitanguliza hilo ili usisome barua nzima ukiwa umeshika kifua.

Safari ilichukua siku mbili na nusu. Mpakani nilipita bila tabu, isipokuwa nilimwamkia mtu aliyesimama kimya karibu na mlango wa forodha, nikangoja aitikie, kumbe ni nguzo. Abiria wenzangu walicheka mpaka afisa akatoka nje kuuliza kuna nini. Nami nikacheka. Ungekuwepo ungenifinya.

Kituo cha basi cha huku ni kikubwa kuliko soko letu lote. Niliposhuka nilishika mkono wa shati nikidhani ni la kondakta. Halikuwa la kondakta. Alikuwa mchukuzi wa mizigo, mzee mwenzangu kwa sauti. Akaniuliza, "Unakwenda wapi, ndugu?" Nikamwambia hospitali ya macho. Akasema, "Basi shati langu usiliachie," akatupia mfuko wangu begani, tukatembea karibu saa nzima, mimi nimeng'ang'ania shati la watu kama mtoto wa darasa la kwanza siku ya kuandikishwa. Getini akaniambia, "Kaka yangu naye alikuwa haoni," akaenda zake. Sura yake siijui.

Miaka arobaini watu nisiowajua wamekaa kwenye kiti changu wakanipa shingo zao na wembe niko nao mkononi. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka juzi, niliposimama kwenye kituo kile.

Kitanda cha sita kuna mzee mwenye uvimbe nyuma ya jicho, haongei sana. Binti yake ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Huja kabla ya kazi na baada ya kazi. Asubuhi ya kwanza alinipa uji kwenye kikombe cha baba yake kabla hata hajaniuliza natoka wapi. Kiswahili chao kina mwendo wake, lakini tunaelewana.

Kupasuliwa ni Alhamisi ya wiki ijayo. Jicho la kulia tulishalizika. Tunapigania hili la kushoto. Mama yangu asiambiwe. Mwambie nimefuata mashine mpya za kunyolea.

Mistari ikipanda mlima, nivumilie.

Fundi wako

*

Nyumbani
Ijumaa, 7 Machi

Fundi wangu,

Barua yako ililetwa na basi jana. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mke, ya pili kama mwalimu (una makosa manne), na ya tatu kwa sauti mbele ya Mama, nikiruka kila penye hospitali.

Mama haamini. Kila asubuhi nikimgeuza kitandani ananiuliza, "Mashine gani hizo za kununuliwa ng'ambo? Mkasi umekwisha duniani?" Namwambia mambo yamebadilika. Ananitazama kwa lile jicho lake, unalijua.

Wateja wako wanapita mlangoni na vichwa kama vichaka. Fundi baiskeli ameapa hatanyolewa na mwingine. Ukichelewa tutamfyeka kwa panga.

Roho inaniuma kwamba umekwenda peke yako. Najua tulikubaliana, Mama hawezi kuachwa hata nusu siku. Lakini nikimpaka mafuta mgongoni, mkono wangu uko hapa na akili iko kwenye barabara za huko, najiuliza ni nani anakuvusha. Yule mchukuzi nimemwombea. Na yule binti wa uji mpe salamu zangu, umwambie njaa yako ina adabu: ukiambiwa "karibu" unakataa mara ya kwanza, ya pili unakula.

Ukishapasuliwa niandikie kwa mkono wako mwenyewe, hata mistari ikipanda mlima na kushuka upande wa pili.

Mwalimu

*

Wodi ya macho
Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu mpendwa,

Usishtuke kuona hati ngeni. Bado nina bandeji, kwa hiyo binti wa kitanda cha sita amekubali kuniandikia.

Kila kitu kimekwenda vizuri. Daktari amefurahi. Jana alifungua bandeji kidogo, nikaona dirisha lote na pazia la bluu. Nilifurahi sana kuliona lile pazia. Inatakiwa nikae siku kadhaa zaidi kwa sababu jicho linataka utulivu.

Chakula ni kizuri. Usihangaike kuja. Mtunze Mama.

Mumeo

*

Mjini, nyumba za ghala
Jumanne, 18 Machi

Mama,

Shikamoo. Hunijui, ila hati yangu umeshaiona. Ni mimi niliyeandika barua ya jana. Hii naituma mwenyewe, na mzee wako hajui.

Hapa wodini hakuna pazia, mama. Madirisha yamepakwa chokaa.

Kidonda kilishika usaha siku ya pili. Walijitahidi usiku na mchana. Jana asubuhi daktari alikuja akakaa kitandani kwake, na yule daktari huwa hakai. Nilikuwa namlisha baba yangu, nikasikia yote. Jicho halitaona tena. Mzee alimshukuru. Alisema, "Ahsante, daktari, pole na wewe." Kisha akauacha uji wake ukapoa. Jioni nilipotoka kazini akaniita, "Binti wa mizani, una kalamu?"

Aliponitajia pazia, kalamu ilisimama. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nikimwambia kweli atamwacha Mama peke yake aje kunifuata. Halafu, mwanangu, nani atampa shingo yake kinyozi kipofu? Niachie siku chache nizoee mwenyewe kwanza, ndipo nimzoeshe yeye."

Kazi yangu ni kupima magunia. Gunia likiwa pungufu siandiki kwamba limejaa, hata mwenye mali akininunia. Jana niliandika. Sijalala vizuri tangu hapo. Naomba msamaha wako, na wake pia, ingawa wake siwezi kuuomba kwa mdomo.

Karani wa Mizani

*

Nyumbani
Jumamosi, 22 Machi

Kwa Karani wa Mizani,

Nimeipata barua yako.

Mume wangu nimeishi naye miaka thelathini na sita. Akitaka nijue jambo, ataniambia yeye. Aliazima mkono wako uandike maneno yake, si yako. Nani alikuuliza? Siri ya mtu aliyelala hoi hospitalini huwa inabebwa namna hiyo huko kwenu?

Nakuomba usiniandikie tena.

Mkewe

*

Nyumbani
Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Barua ya juzi niliipeleka kituoni alfajiri nikiwa na hasira. Nilipofika nyumbani hasira zilikuwa zimekwisha. Nikarudi mbio, na mbio zangu unaweza kuzikisia kwa umri huu, nikakuta vumbi la basi. Isome kama imekwisha kufika, kisha uitupe.

Sikukasirika kwa sababu umesema. Nilikasirika kwa sababu wewe uko pale na mimi sipo. Ulimwona daktari akikaa kitandani kwake, nami siku hiyo nilikuwa naanika shuka. Niliuonea wivu mkono wako, mwanangu. Mtu mzima na mvi zangu.

Na tena nilikuwa nimejua. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini na saba. Mtoto anayedanganya huandika sentensi fupi na safi. "Mke wangu mpendwa"! Hajawahi kuniita hivyo hata siku ya ndoa. Nilijilazimisha tu kuliamini pazia.

Anataka siku chache za kuzoea. Nitampa. Nimeambatanisha ukurasa mwingine wa kumsomea. Huu wako usimsomee, ukunje.

Nimetafuta mtu wa kukaa na Mama ili nije, sijapata. Dada yangu ana mgonjwa wake, na Mama hakubali kushikwa na mtu baki. Basi nakuomba jambo ambalo sina haki ya kuliomba baada ya barua ile ya juzi. Mshike hapo nilipopaswa kumshika mimi.

Mwalimu

(Ukurasa wa kumsomea)

Fundi wangu,

Nimefurahi kusikia habari za pazia. Bluu ni rangi nzuri kwa jicho linalopona. Usiharakishe. Kiti chako nimekifunika shuka kisipate vumbi, na hakuna anayekikalia, hata paka nimemfukuza. Kaa siku zozote utakazotaka. Utakavyorudi, ndivyo nitakavyokupokea.

Mwalimu

*

Mjini, nyumba za ghala
Jumapili, 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua zako zilifika siku moja, na kwa bahati nilifungua ya pili kwanza. Ya kwanza nimeisoma, sikuumia. Ningekuwa wewe ningeandika ndefu zaidi.

Ukurasa wako nilimsomea Jumatano. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi?" Nikamwambia, "Basi." Akasema, "Haya." Akageukia ukutani.

Kesho yake asubuhi baba yangu alifariki.

Sikukuambia alikuwa mahututi kiasi gani. Sikuwa na mtu wa kumwambia, na nikiandika barua za mzee nilikuwa napata kidogo cha kufikiria kisichokuwa baba. Sina ndugu mwingine, mama. Tulikuwa wawili tu.

Nilikuwa nimesimama tu pale, manesi wanasubiri kumfunika. Mzee wako akauliza kutoka kitandani kwake, "Ndevu zake zikoje?" Nikamwambia zimeota, wiki tatu hajanyolewa, na baba alikuwa mtu wa kunyoa kila Jumamosi. Akasema, "Nipe mkoba wangu, ule wa chini ya kitanda." Nesi akanitazama mimi. Nikasema aachwe.

Alinawa mikono. Nikamwongoza mpaka kwenye kichwa cha baba. Alipaka sabuni, kisha akaanza: kidole cha kushoto kinatangulia, wembe unakifuata nyuma, taratibu, kama mtu na kivuli chake. Alikuwa anaongea naye. "Geuka kidogo, mzee. Hivyo hivyo. Hapa chini ya pua uvumilie." Hakumkwaruza hata mahali pamoja. Alipomaliza akamfuta kwa kitambaa cha maji ya moto, akapitisha kiganja shavuni, huku na huku, akasema, "Tayari, mheshimiwa." Kisha akaufuta wembe na kuurudisha mkobani.

Baba alipendeza, mama. Alionekana kama anakwenda kazini.

Sasa sikiliza. Mzee anaruhusiwa Jumanne. Karatasi za mazishi zimekamilika leo, na kesho nampeleka baba kuzikwa alikozaliwa, na huko ni upande mwingine kabisa wa nchi. Nilimsihi anisubiri, amekataa. Anasema kitanda chake kuna mtu anakihitaji. Nesi atampeleka kwenye basi. Nimemwandikia barua ya wazi na kuibana kwa pini ndani ya koti. Basi likienda salama atafika Alhamisi. Tafadhali uwepo.

Karani wa Mizani

*

Jumapili, 30 Machi

Kwa yeyote atakayemshika mkono,

Mwenye barua hii ni kinyozi, mtu mzima, haoni. Anarudi kwao ng'ambo ya mpaka, peke yake. Hajalewa wala haombi. Tiketi na hati zake zimo mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto.

Usimvute. Mpe mkono wako aushike mwenyewe. Mtajie ngazi kabla hajaifikia. Akisema hana njaa, mwulize mara ya pili.

Akitoka kwako mkabidhi kwa mtu, si kwa kituo. Kisha geuza karatasi uandike umemwacha na nani, ili mke wake ajue alipita mikononi mwa nani.

Karani wa Mizani, ghala la nafaka

(Nyuma ya karatasi)

1 Aprili. Nimempakia kiti cha nyuma ya dereva. Amekula. — Nesi, zamu ya asubuhi.

2 Aprili. Daraja limechukuliwa na maji, basi tunageuza. Nimemwambia turudi naye mjini, amegoma, anasema kwao ni mbele. Nimemwacha kwa mama wa mgahawa wa chai hapa njia panda. Ni mtu mwema, namjua tangu mdogo. — Kondakta.

4 Aprili. Amekaa kwangu siku mbili. Mpole ila mbishi. Kanioshea vyombo vyote bila kuambiwa, kavunja kikombe kimoja, nimemwambia kilikuwa na ufa. Mchana wa jana alikaa nyuma ya banda akilia, nikamwacha, kuna kilio hakitaki mtu. Leo anakwenda na lori la mbao linalozungukia daraja la juu. Shemeji, mumeo ni mtu. — Mama Chai.

5 APRILI. MIMI DEREVA WA LORI. KUANDIKA NI SHIDA. KAIMBA NJIA NZIMA. SAUTI MBAYA. NIMEMPA MKONONI KWA AFISA FORODHA.

6 Aprili. Hati zake zilikosa muhuri mmoja, nimeshughulikia. Alijitolea kuninyoa. Nilimshukuru, nikamwambia ndevu zangu bado changa. Nimemvusha mpaka kwa miguu mimi mwenyewe na kumkabidhi kwa familia inayokwenda harusini. — Afisa wa zamu.

7 Aprili. Tulimbana katikati ya shangazi wawili wanene ili asiyumbe kwenye kona. Tumefika. Kuna mama wa gauni la kijani anakuja mbio, kiatu kimoja kimemvuka, hajakirudia. Tunadhani ndiye. — Upande wa bwana harusi.

*

Nyumbani
Jumapili, 13 Aprili

Mwanangu,

Pole na msiba. Nilipaswa kukupa pole hii kabla ya kukuambia lolote lingine, na kwa mdomo, nimekaa nawe chini. Mungu ampokee baba.

Amefika. Alhamisi basi halikuja, na kituoni walisema tu kuna daraja. Ijumaa nilikwenda, Jumamosi nikaenda, Jumapili nikaenda. Nilimwachia jirani Mama kwa nguvu, akapigiwa kelele mpaka akazoea. Jumatatu ndipo Fundi aliposhuka. Nilipomfikia sikujua nimguse wapi kwanza. Yeye akanyoosha mkono, akanipata shavuni, akausimamisha hapo. Akasema, "Mwalimu, umekonda." Nikamwambia, "Karibu nyumbani, Fundi." Maandishi ya nyuma ya karatasi yako niliyasoma nyumbani, nikakaa jikoni muda mrefu. Watu hao wote sitawaona.

Mama aliuliza, "Mashine ziko wapi?" Fundi akamweleza kila kitu, amepiga magoti kando ya kitanda. Nilidhani bibi wa watu atazimia. Akasema, "Haya, sogea hapa. Mimi bado naona."

Sitakudanganya, maana wewe huwezi uongo na sitaki kukuzoesha. Duka bado limefungwa. Kuna siku anaamka vizuri, anataka kujua kila kitu kilipo, na kuna siku hataki hata kuvaa. Fundi baiskeli alikuja na ule msitu wake, akakaa kwenye kiti, akasema, "Ninyoe." Akamwambia, "Leo hapana." Kesho yake akaja tena. Akamwambia hapana. Anakuja kila siku, anakaa, wanaongea, anaondoka na nywele zake.

Jumatano hakutoka chumbani kutwa. Jioni akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikasema, "Kujua nini?"

"Usinifundishe, Mwalimu."

Nikamweleza yote: barua yako, hasira zangu, ule ukurasa. Nilitegemea akasirike. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu arudi. Akasema, "Siku aliponisomea habari za lile pazia nilisikia karatasi ya pili ikikunjwa. Nikajua umeambiwa. Usiku ule ndio nilipata usingizi."

Nikamwuliza kwa nini basi hakukuambia. Akasema, "Ana baba anakata roho kitanda cha jirani, na bado anakuja kukaa na mimi kunisomea barua za mke wangu. Ningemwambia nimemgundua, angeona haya, asije tena. Mimi nilitaka aje."

Kwa hiyo usiombe msamaha tena, umekwisha kupewa.

Ulisema mlikuwa wawili tu. Chumba cha uani kina kitanda na dirisha. Likizo ikitokea, panda basi.

Amenitaka niandike yafuatayo neno kwa neno. Ni barua yake ya kwanza kwa mkono wangu.

Binti yangu, nilipomnyoa baba yako nilikuta kovu chini ya kidevu, upande wa kushoto, refu kama kucha, la zamani sana. Sikukuuliza, haikuwa saa yake. Lakini tangu hapo vidole vyangu vinaniuliza. Alianguka? Alipigwa? Alikuwa mtoto au mtu mzima? Kama unajua, tuandikie, na kama hujui tuandikie lingine lolote lake. Mwalimu atanisomea. Nimemwambia asiruke hata mstari.

Fundi,
kwa mkono wa Mwalimu